Boti ya ski ya futi 17: sakafu imelainika, chini kuna malengelenge. Nianzie wapi?

Mkuku17
Habari wakuu. Nina boti ya faiba ya futi 17, ya kukokota watu wa ski majini, ya miaka ya 80, mashine ya nje ya farasi 90. Iko kwenye trela, Kilifi. Sakafu inabonyea mbele ya kiti cha dereva na kuzunguka nguzo ya kufungia kamba. Nikitoboa karibu na nguzo, unga wa mbao unatoka mweusi na umelowa. Chini, upande wa tezi (nyuma), kuna malengelenge ya ukubwa wa sarafu. Ukilipasua linatoa maji yenye harufu ya siki. Fundi mmoja anashauri nibandike plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, nipige mati (mkeka wa nyuzi za faiba), basi. Nimsikilize? Na kama ni kukata, mbao gani, resini gani, kiasi gani? Sehemu ya kukanyaga ni kama mita 3 kwa 1.5.

NgamaKavu
Usimsikilize. Plaiwudi iliyolowa ukiifunika, maji yamefungiwa humo humo na kuoza kunashuka hadi kwenye strinja, yaani zile mbao ndefu zinazotoka omo (mbele) hadi tezi chini ya sakafu. Nguzo ya ski imefungwa kwenye strinja hizo, na ndizo zinazobeba mvuto wote mtu anapoinuka majini.

Toboa strinja zenyewe kwa keekee ya milimita 6, kila nusu mita, chini kabisa karibu na faiba. Unga mkavu wa rangi ya mbao, ziache. Mweusi au wa kunata, zinatoka.

Kabla ya msumeno, shughulikia umbo. Ukitoa sakafu na strinja wakati boti imekalia rola za trela, chini kunabonyea pale pale penye rola, kisha strinja mpya zinaligandisha bonde hilo. Kata vitanda vitatu vya plaiwudi vya kuikalisha boti, vikifuata umbo la chini: kimoja tezini kabisa, kimoja katikati, kimoja pale omo inapoanza kupanda. Pigilia mbao mbili za kukingama juu, ubavu hadi ubavu, mbavu zisifunguke. Halafu weka rula ya mita 1.5 chini, mwisho wa tezi, sambamba na mkuku (uti wa chini wa boti). Iguse urefu wote. Kukiwa na uwazi katikati ya rula, boti itakuwa inazamisha pua. Kukiwa na tumbo linalotokeza, itarukaruka ikishika kasi. Boti ya ski bila umbo hilo haina maana hata ukiipaka dhahabu.

Tangi la petroli litoke kwanza na mvuke uishe. Weka kina cha msumeno sawa na unene wa sakafu, kwa kawaida milimita 12 hadi 15, na uache ukingo wa sentimita 5 pembeni wa kushikia sakafu mpya. Strinja usizing'oe zote pamoja: toa ya kushoto, weka mpya, ikishakauka ndiyo uguse ya kulia. Pima kimo cha kila moja kila sentimita 30 na uchonge kielelezo cha katoni kabla hujaivunja.

Mvule_na_Msumari
Kwa strinja mimi naona mvule. Maji ya chumvi yanaujua.

NgamaKavu
Kwa jahazi sikupingi. Hapa mbao inafungwa ndani ya resini, na mvule, sawa na mtiki, una mafuta yake. Resini ya poliesta haishiki vizuri. Tena ni mzito. Chukua msonobari au mkrismasi uliokauka kabisa, usio na vifundo. Unachotegemea hapo ni faiba iliyouzunguka.

Mbao isikalie faiba ya chini moja kwa moja, maana pale inapogusa panakuwa na nundu ngumu na gelikoti (ganda la rangi la nje) inapasuka. Ilaze juu ya putiti ya resini (resini iliyofanywa nzito) ya milimita 4 hivi, kisha zungushia kona kwa putiti hiyo hiyo iwe na mviringo wa nusu kipenyo cha sentimita 2. Mati haikunji kona kali. Inanyanyuka na kubaki na hewa.

Faiba_Mtwapa
Hesabu ya vifaa. Strinja mbili za mita 3.5, kimo sentimita 15: kila tabaka linahitaji upana wa karibu sentimita 55, kwa sababu lazima lilalie faiba ya chini angalau sentimita 10 kila upande. Matabaka matatu ni mita za mraba 11.5. Sakafu, tabaka moja chini na mawili juu, 13.5. Jumla 25. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, hiyo ni kilo 11 na kidogo, na mati hunywa resini mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 28. Ongeza putiti, kulowesha mbao na upotevu: nunua kilo 12 za mati, kilo 35 za resini ya poliesta. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12, shiti mbili za 8 kwa 4.

Kabla ya kulamini (kubandika matabaka ya mati kwa resini), saga faiba ya zamani kwa diski namba 36 hadi ing'olewe rangi yote, futa kwa asetoni. Vaa barakoa ya kweli; vumbi la faiba linaumiza mapafu.

Hadena (kigandishi cha resini): gramu 10 kwa kilo ya resini, yaani asilimia 1, kwa joto la pwani. Ukishuka chini ya hapo inaweza isikauke kabisa hata ukisubiri wiki. Ukipanda hadi 3 inachemka ndooni na kupasuka. Changanya kilo moja moja na uimwage kwenye sinia pana. Na kama resini yako inakuja bila kobalti (kiharakisha kukauka), usiikutanishe kamwe kobalti na hadena peke yake: zinalipuka. Kobalti kwanza kwenye resini, koroga, ndipo hadena.

Ukipenda epoksi badala ya poliesta, ni bora kwa kushika faiba ya zamani, lakini tumia kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Gundi ya mati ya kawaida huyeyushwa na stirini iliyo kwenye poliesta. Epoksi haina, mati inabaki ngumu na nyeupe.

Ncha za plaiwudi, kila tundu, kila kata: lowesha resini mara mbili. Huko ndiko maji yalikoingilia awali. Bolti za viti na nguzo: toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi nzito, likikauka toboa tena kwa kipimo.

Mkuku17
Asanteni sana. Chini ya sakafu nimeona povu la njano limejaa maji. Nilitupe? Na malengelenge je?

NgamaKavu
Litupe, lakini urudishe jipya. Ndilo linaloielesha boti ikijaa maji. Povu la sehemu mbili la kilo 32 kwa mita ya ujazo: lita 100 hubeba takriban kilo 97. Mwaga kidogo kidogo kupitia matundu kwenye sakafu mpya, kwa sababu likifura bila pa kutokea linanyanyua sakafu. Acha mfereji wazi katikati, maji yafike ngama (pale chini yanapokusanyika).

Tezi nayo ipime: inua mashine nusu, ning'inia kwenye mguu wake, mwenzako atazame ubao wa tezi. Ukicheza, plaiwudi ya humo imeoza, na hiyo itengenezwe kabla ya strinja.

Faiba_Mtwapa
Malengelenge: yafungue yote kwa grenda hadi faiba nzima, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku kadhaa mfululizo, kwa sababu ile asidi yenye harufu ya siki ndiyo inayovuta maji. Kisha kausha wiki nyingi chini ya kivuli chenye upepo. Kaskazi, Januari na Februari, ni wakati wake, masika usijaribu. Bandika kipande cha nailoni kwa utepe pande zote, kiache siku nzima. Kikitoa jasho ndani, bado. Kikiwa kikavu, jaza putiti ya epoksi, siyo ile ya magari, kisha epoksi ya kuzuia maji mikono minne au mitano hadi ifike milimita 0.25.

Wakati wa kupiga msasa, kona ya chini ya tezi iache kali kama ilivyotoka kiwandani. Ukiiviringisha, maji hayaachani na boti, yanapanda nyuma.