Mrejesho: kupoteza harufu baada ya upasuaji wa pituitari kupitia puani

Wakuu, ni mimi niliyeuliza miezi 5 iliyopita nifanye nini ili nisikie harufu tena. Nilitolewa uvimbe wa tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) kwa kamera kupitia puani, nikawa sisikii harufu kabisa. Asanteni sana mlionijibu.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi (yaliyochemshwa yakapoa) kulitoa magamba tu. Kilichosaidia ni mazoezi ya kunusa: karafuu, limau, mkaratusi na marashi ya waridi, sekunde 20 kila kimoja, asubuhi na jioni. Mwezi mzima patupu, nusura niache. Wiki ya 7 karafuu ikaja, kwa mbali. Sasa na limau nalipata. Waridi bado, na kahawa inanukia mpira ulioungua! Gesi pia siisikii, kwa hiyo mtungi anaukagua mke wangu. Daktari kasema niendelee.