Naombeni ushauri: dogo wetu namba tisa, tumuachie kwa milioni 6 au tusubiri?

Katibu wa Timu
Wakuu, habari za mchana. Mimi ni kiongozi wa timu ya mtaani huku Mbagala, tupo ligi ya mkoa. Tuna straika ana miaka 19, tunaye tangu ana 16, anakaa Charambe kwa bibi yake. Mguu wa kushoto, mbio anazo, kichwa anapiga. Msimu huu, ligi na ndondo, kafunga 17.

Timu ya Championship, ile ligi ya chini ya Ligi Kuu, imekuja na milioni 6 taslimu, wanamtaka kabla dirisha dogo la usajili halijafungwa wiki ijayo. Mimi naona huyu chini ya milioni 20 ni dharau. Wenzangu kwenye kamati wanasema tuchukue tusije tukakosa vyote. Dogo mwenyewe hata leo usiku angeondoka.

Thamani yake hasa ni ngapi, na tuuze au tushikilie? Siku ya tatu silali. Matusi sitaki.

Siti ya Dirishani
Nimeshakaa. Muuza kahawa pita na huku, na kashata mbili.

Beki Mstaafu
Muuzeni. 1998 mimi nilitakiwa na timu kubwa, viongozi wangu wakapandisha bei, wale jamaa wakaenda kwa mwingine. Msimu uliofuata nikaingiza mguu kwenye shimo katikati ya uwanja, goti likazunguka. Leo niko maeneo ya Gerezani nauza vipuri. Kila mvua ikitaka kunyesha goti linaniambia kabla ya mamlaka ya hali ya hewa.

Mama Wawili
Kidato cha nne alimaliza? Mnapanga bei kama mbuzi wa Vingunguti, shule yake hamna aliyeuliza.

Wakili wa Kijiweni
Katibu, bei ya mchezaji haikai mguuni, inakaa kwenye karatasi. Mkataba wake unaisha lini?

Katibu wa Timu
Mkataba upo mkuu. Nisaidieni kwenye bei.

Wakili wa Kijiweni
Sikuuliza kama upo.

Katibu wa Timu
Juni 30 mwaka huu. Ni wa maandishi, tulisaini mbele ya mjumbe.

Wakili wa Kijiweni
Basi hiyo 20 isahau. Kwa kanuni za FIFA, mkataba ukibakiza miezi sita mchezaji anaruhusiwa kusaini na timu nyingine na kujiunga nayo ukiisha. Yaani hao jamaa wangeweza kumsubiri Julai wamchukue bila shilingi. Wakikupa 6 leo wanalipia haraka yao tu. Hata yule kiungo Clatous Chama alivyotoka Simba kwenda Yanga 2024, mkataba ulikuwa umeisha, nani alimlipa nani?

Mnachotakiwa kukipigania ni cha mbele. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa, zinagawana timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia 16, kila msimu ni nusu asilimia ya bei. Ninyi mna misimu mitatu kamili. Siku akiuzwa bilioni 1, milioni 15 zenu. Ila inahesabiwa misimu aliyosajiliwa tu. Alisajiliwa yote?

Katibu wa Timu
Ule wa kwanza tulichelewa kidogo kupeleka fomu.

Wakili wa Kijiweni
Basi 10. Milioni 5 mmeiacha kwenye droo. Sasa hivi ombeni pia asilimia 20 ya mauzo yake yajayo, iandikwe kwenye makubaliano.

Katibu wa Timu
Hapo umenifungua. Hiyo asilimia inaweza kuandikwa kwa jina la mtu? Maana nauli, viatu, sindano akiumwa, ni mfuko wangu.

Wakili wa Kijiweni
Haiwezekani. FIFA walipiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki kipande cha mchezaji tangu Mei 2015. Iandikwe timu.

Binti Tandika
Subirini kwanza. Kwa jina lako kwa nini, Katibu?

Beki Mstaafu
Na mimi hapo nimesimama.

Binti Tandika
Katibu upo hewani nakuona.

Katibu wa Timu
Haya, niseme. Mwezi uliopita walinipa milioni 2 ya kushikia. Kamati haijui. Sehemu nimelipa deni la jezi, iliyobaki nikapiga bati, maana mvua za vuli zilikuwa zinatulalia kitandani na watoto. Lakini si wizi. Timu inanidai mimi au mimi ndiye ninayeidai? Tangu 2019 naikopesha, daftari ninalo. Na dogo nilimpa elfu 50.

Siti ya Dirishani
Mahari imeliwa, bibi harusi kapewa elfu 50 ya vocha 😂😂

Mama Wawili
Na bibi yake kule Charambe kapewa nini? Kila siku anampikia nani?

Mchungulia Nyuzi
Wadau mnapigwa chai. Mwezi wa tisa huyu huyu aliandika yuko Mwanza, anatafuta mtaji wa dagaa. Leo ni katibu wa timu Mbagala. Kapandia treni gani?

Binti Tandika
Weee! Nimeenda kuutafuta, kweli upo. "Dagaa wa Mwanza, nahitaji mbia mwaminifu."

Katibu wa Timu
Dagaa ni za shemeji. Nilienda msibani nikakaa wiki tatu, nikaona fursa. Mtu kuwa na mambo mawili ni kosa?

Mchungulia Nyuzi
Leta picha ya mkataba, funika majina.

Katibu wa Timu
Uko kwa mwenyekiti.

Mchungulia Nyuzi
Na daftari la madeni liko kwa nani, mjumbe?

Beki Mstaafu
Chai au si chai, mimi haya nimeyaona. Dili langu la 98 nilikuja kusikia baadaye kwamba kuna mtu alishavuta kabla, ndiyo maana bei ikapanda. Miaka yote nalaumu shimo la uwanjani.

Wakili wa Kijiweni
Katibu, kamati mnakaa lini?

Katibu wa Timu
Kesho saa kumi jioni. Nitawaambia tuuze, na hiyo asilimia 20 niiombe.

Wakili wa Kijiweni
Mezani utawatajia 6 au 4?

Binti Tandika
Katibu?

Mchungulia Nyuzi
Kapotea hewani.

Siti ya Dirishani
Akirudi mumuulizie na mimi, sado ya dagaa bado bei ile ile?