MJADALA: Rais wa Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya achaguliwe na wananchi moja kwa moja?

Mtoa mada: Wadau, 2019 vyama vya Ulaya viliingia kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya na vinara wao, yaani wagombea wao wa urais wa Halmashauri, chombo cha utendaji cha Umoja huo. EPP, chama cha mrengo wa kati-kulia, walimnadi Manfred Weber, wasoshalisti Frans Timmermans. Watu wakapiga kura, EPP wakaongoza. Kisha marais na mawaziri wakuu wakajifungia Brussels: Rais Macron wa Ufaransa hamtaki Weber, Poland na Hungary hazimtaki Timmermans. Likachomoza jina la Ursula von der Leyen, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, ambaye hakuomba cheo hicho kwa mpiga kura yeyote. Huo ni uchaguzi kweli? Wananchi wapewe kura yao.

Kisiki: Mkuu, umeruka hatua. Kwa mujibu wa mkataba wao, viongozi wanapendekeza, Bunge linachagua. Na nusura limtose: alihitaji kura 374, akapata 383, tena kwa kura ya siri. 2024 alikuja kama kinara wa EPP, akapata 401 kati ya wabunge 720. Hata Kansela wa Ujerumani huchaguliwa na Bunge, mbona hulalamiki?

Mtoa mada: Bundestag, bunge la Ujerumani, ikimkataa mgombea wa kwanza, inaweza kutafuta wake. Bunge la Ulaya likikataa, wanaoleta jina jingine ni walewale.

Binti Makame: Hiyo kura ya moja kwa moja mnaipigaje? Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania peke yao ni zaidi ya nusu ya watu wote. Mgombea wa Malta, nchi ya watu nusu milioni hivi, atashinda lini? Lugha rasmi zenyewe 24! Halafu kubadili mkataba kunataka nchi zote 27 zikubali.

Kisiki: Na Bunge lina meno. Machi 1999 Halmashauri nzima ya Jacques Santer ilijiuzulu kwa kashfa kabla haijang'olewa.

Mtoa mada: Hiyo ya zamani. Julai 2025 hoja ya kumng'oa von der Leyen ilipata kura 175 tu, 360 zikaipinga, na inatakiwa theluthi mbili. Basi napunguza dai: viongozi walazimishwe kupeleka jina la kinara wa kundi lililoongoza. Nani ana pingamizi?

Binti Makame: Mimi. 2019 EPP "waliongoza" kwa viti 182 kati ya 751. Huyo Weber wako angepata wapi hizo 374?