Nimepewa mkataba wa mkopo wa "g,bjj,jjj" kwa "miezi cf". Hivi hizi benki zinatuonaje sisi wasioona?

Wakuu salaam.

Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa makato ya ajabu ajabu ya benki. Haya ni mengine, ingawa makato nayo yamo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nafundisha Historia. Macho yaliondoka na surua nikiwa na miaka minne. Nukta nundu, yale maandishi yetu wasioona yanayosomwa kwa vidole, nilijifunza shule ya wasioona Buigiri, kwa kibao na kalamu ya chuma, tukitoboa karatasi mpaka kidole kinaota sugu. Na kabla hajatokea mtu wa kuuliza "sasa kipofu umeandikaje uzi", nimeandika kwa kompyuta, mkuu. Ina programu inayonisomea kila ninachobonyeza, inaitwa NVDA, na ni ya bure. Tuendelee.

Februari nilikwenda tawini kuomba mkopo wa watumishi, milioni saba na laki mbili, nimalizie kupaua nyumba. Nilifuatana na mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani anasubiri kupangiwa shule. Afisa mikopo, binti mwenye sauti nzuri kabisa, akanisalimia: "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba. Basi, hiyo shikamoo ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho kuelekezwa kwangu. Kuanzia hapo alizungumza na mtoto. "Anafundisha shule gani? Namba yake ya NIDA unayo? Mwambie aweke dole gumba hapa."

Nikamwambia, mwanangu, nina shahada, nina saini, na masikio yangu ni mazima. Akacheka kicheko cha aibu, halafu akamgeukia tena mpwa wangu: "Haya, mwambie asaini."

Nikauliza kama naweza kupata mkataba kwa nukta nundu. "Nukta nundu ndiyo nini?" Nikaeleza. "Hapana baba, hiyo hatuna. Si una mtu wa kukusomea?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na naomba mnielewe vizuri. Kila ofisi ukienda, jibu ni hilohilo, kana kwamba kusomewa ni huduma. Mtoto wa miaka 17 alisimama kaunta anasoma kurasa 14 za mkataba wa benki, nyuma yake foleni inakohoa, afisa anamwambia "hapo ruka, ni maelezo ya kawaida tu". Akaruka. Mimi ningejuaje nini kimerukwa? Nilisaini kwa sababu fundi alikuwa ananisubiri na bati zilikuwa zimeshapanda bei mara mbili. Sawa, hilo ni kosa langu, nalikubali.

Jumapili yake dada yangu akapiga simu: "Kaka, nasikia mambo si haba." Sikumlaumu mtoto. Umempa siri ya mshahara wa mjomba wake, na deni la mjomba wake, ulitegemea akafanye nini nayo? Wiki hiyohiyo nilipokea maombi matatu ya kukopeshwa. Ninyi wenzetu mnafunika kwa kiganja mnapobonyeza namba ya siri kwenye ATM. Mimi mkataba wangu wote umesomwa kwa sauti kwenye ukumbi wa benki.

Halafu hela ikaingia. Badala ya 7,200,000 nikakuta 6,984,000. Nikarudi. "Ilikuwa kwenye mkataba mwalimu, kipengele cha 11, ada ya kushughulikia mkopo na bima." Ndicho kile cha "hapo ruka".

Nikasema basi nitumieni mkataba kwa barua pepe nijisomee mwenyewe. Baada ya wiki mbili ikaja PDF. Nikaifungua. "Ukurasa wa 1 kati ya 14." Kimya. "Ukurasa wa 2 kati ya 14." Kimya. Kumi na nne zote bubu. Walichofanya ni kuchapa mkataba, kuupiga muhuri, kuuskani, wakanitumia picha. Picha ya maandishi kwa programu ya kusoma skrini ni sawa na picha ya mbuzi, haina herufi hata moja ndani yake.

Nikajaribu programu ya simu inayogeuza picha kuwa maandishi. Ilijitahidi, lakini karatasi waliiskani imelala upande, na muhuri umekaa juu ya namba. Riba ya asilimia 17 ikasomeka "riba ya 1796". Mimi mwalimu wa Historia nikajisemea, 1796 Louis Braille mwenyewe, aliyebuni nukta nundu, hajazaliwa, alizaliwa 1809, hii riba wameihesabu kuanzia lini?

Kinachoniuma ni kwamba faili la Word lenye mkataba huo liko kwenye kompyuta ya yule binti. Nilimsikia akiandika jina langu humo! Angenitumia lile lile, ningesoma neno kwa neno siku hiyohiyo, gharama yake sifuri. Akaniambia haruhusiwi, mtu anaweza kulibadilisha. Nikamwambia nitumie PDF iliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye hilo Word, bila kupitia mashine ya kuskani, herufi zinabaki ndani na sibadilishi kitu. "Hiyo inabidi niulize IT." IT bado wanaulizwa.

Sasa tufike kwenye kichwa cha uzi. Mei nikapigiwa simu na furaha kubwa: "Mwalimu, tumekuandalia ya nukta nundu!" Kumbe kuna kijana wa ofisini amechukua jedwali la herufi mtandaoni, akaazima mahali mashine ya Perkins, ile taipureta ya nukta nundu, akakaa kuandika muhtasari wa mkopo wangu kwa mkono. Moyo wake nauheshimu, kweli kabisa. Nikaweka vidole, nikasoma: "Kiasi cha mkopo: g,bjj,jjj. Muda: miezi cf. Makato kwa mwezi: bei,jjj."

Kwa msiojua, nukta nundu haina maumbo ya peke yake kwa ajili ya tarakimu. Zinaazimwa herufi kumi za mwanzo: a ni 1, b ni 2, unakwenda hivyo mpaka i ambayo ni 9, na j ni 0. Kinachokujulisha kwamba hii ni namba wala si neno ni alama moja inayotangulia, nukta ya 3, 4, 5 na 6. Ndugu yetu hakuiweka hata mahali pamoja. Kwa hiyo 7,200,000 ikawa g,bjj,jjj, miezi 36 ikawa cf, na 259,000 ikawa "bei". Akaunti yangu inaishia na 4141, nayo ikawa "dada". Cheka tu mkuu, na mimi nilicheka. Lakini hebu fikiri angekuwa mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani, anapewa hiyo karatasi na kuambiwa ndiyo mkataba wake.

Na kumbe hata ukiwa na mashine ya kisasa bado unaweza kuharibu. Julai wakapeleka kazi nje, ikachapwa kwa printa ya nukta nundu. Kurasa 14 zikawa 39, karatasi nene kama za kalenda, na hilo ni la kawaida, maandishi yetu yanakula nafasi. Namba safari hii zilikuwa sawa. Tatizo, programu ilikuwa imewekwa kwenye Kiingereza kilichofupishwa. Nukta nundu ya Kiingereza ina vifupisho: "and" ni alama moja, "the" alama moja, "ing" alama moja, "sh" alama moja. Ukiilisha Kiswahili inakatakata bila kujali. "Shilingi" yenye herufi nane ikabaki alama tano. "Thelathini" ikaanza na "the" ya Waingereza. "Andika" ikaanza na "and". Mimi nilisoma Kiingereza nikaweza kuufumbua, kama mtu anayesoma meseji za vijana. Rafiki yangu mmoja anayejua nukta nundu ya Kiswahili peke yake nilimpa ukurasa wa kwanza, akaupapasa dakika tano, akaniuliza, "Hii ni Kijerumani?"

Pamoja na hayo yote, siku hiyo ndiyo niliyosoma kipengele cha 11 kwa vidole vyangu mwenyewe. Miezi mitano baada ya kusaini. Na baadhi ya mistari nukta zilikuwa zimelala, maana mzigo ulikaa chini ya rundo la mafaili kabla haujanifikia.

Nilimwambia meneja, si kwamba nataka mninunulie mitambo. Niulizeni tu. Mteja asiyeona akija, muulize anasomaje, kama mnavyomuuliza kila mtu namba ya simu. Wapo waliopofuka wakiwa wazee kwa presha ya macho, hao nukta nundu hawaijui kabisa, wape sauti, au maandishi makubwa kama bado wanaona kidogo. Wapo wasioona wala kusikia, huyo ukimpa sauti umemtukana. Mimi nataka Word, na mkataba wenye saini yangu nautaka pia kwa nukta nundu, Kiswahili, isiyofupishwa. Kuna wenye vile vifaa vya kusomea vyenye nukta zinazoinuka na kushuka, yeye hahitaji hata karatasi, mtumie faili la BRF, yaani faili lililokwisha kugeuzwa nukta nundu, kwa barua pepe imekwisha. Swali moja, kwenye fomu ya kufungua akaunti, mstari mmoja.

Meneja akasema mwalimu una hoja. Nikamkumbusha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010. Nikamkumbusha na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia 2009, ibara ya 12 inataja kwa maneno kabisa haki ya kusimamia fedha zetu wenyewe na kupata mikopo ya benki sawa na wengine. Akasema hiyo ni mikataba ya serikali, wao ni benki.

Lakini Oktoba 15 walitukumbuka! Siku ya Fimbo Nyeupe, tukaitwa tawini, fulana, keki, mpiga picha. Wakagawa kipeperushi "maalumu kwa wateja wetu wasioona". Nikapitisha kidole. Laini kama kioo. Nikageuza upande wa pili, laini. Nikamuuliza dada aliyekaa jirani yangu, anayeona kidogo, akaniinamia sikioni: "Mwalimu, nukta zipo, nyeusi, nzuri. Wamezichapa kwa wino." Na mpiga picha ananiambia niendelee kusoma hivyohivyo, mkono usiutoe. Hiyo picha najua ipo kwenye kurasa zao, atakayeiona anisalimie.

Nikaandika barua rasmi ya malalamiko. Niliipeleka kwa Word, kwa barua pepe, vichwa vya habari vimepangwa, namba za vipengele zipo, na mwisho nikaandika wazi kabisa: naomba majibu kwa njia hii hii.

Juzi majibu yameletwa shuleni na dereva wao. Bahasha, ndani karatasi mbili, za kawaida, laini pande zote. Mpwa wangu alishakwenda kidato cha tano tangu Julai, anarudi likizo Desemba. Mhasibu wa shule amejitolea kunisomea, nimemwambia asante, hapana.

Bahasha iko hapa mezani, karibu na kibodi.