Taimugrafa, programu ya simu au kamera ya slomosheni: fundi saa aanze na kipi?

Fundi_Chumbageni: Salaam wakuu. Natengeneza saa za mkono za mitambo, nyingi ni Seiko 5 zenye mashine ya 7S26. Nataka kifaa kimoja cha kupimia mwendo. Wengine wanasema taimugrafa (kifaa kinachosikiliza mapigo ya saa), wengine programu ya simu inayosikiliza kwa maikrofoni yatosha, na mmoja kaniambia nirekodi balansi (gurudumu linalozunguka huku na huku ndani ya saa) kwa slomosheni. Mnashaurije?

TikTaki: Taimugrafa. Maikrofoni yake inaibana saa na kusikia mapigo kupitia chuma chenyewe. Simu inasikia na feni na bodaboda. Inakupa mambo matatu papo hapo: saa inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku, balansi inazunguka nyuzi ngapi (amplitudi), na tiki na taki zinapishana milisekunde ngapi. Kwa 7S26 weka pembe ya kuinua (nyuzi ambazo balansi inazunguka ikiwa inasukumwa katika kila pigo) 53, maana kifaa hukitumia kukokotoa amplitudi. Taimugrafa nyingi zinakuja zimewekwa 52.

Bi_Lenzi: Kweli, lakini kamera msiidharau. 7S26 inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani 6 kwa sekunde. Simu ya picha 240 kwa sekunde inakupa picha 40 za kila pigo. Ukiweka lenzi ya kukuzia mbele, unaona mizunguko ya springi nyembamba ya balansi ikigusana au balansi ikiyumba. Taimugrafa itakuonyesha mstari mchafu tu, sababu utaitafuta mwenyewe.

Halafu kuna hili ninalolipenda sana. Ukipata mashine ngeni usiyojua pembe yake ya kuinua, tia alama moja ukingoni mwa balansi, ikaze saa kidogo kidogo huku unarekodi. Siku zote balansi inageuka pande mbili. Alama ikisimama mahali pale pale katika mageuko yote mawili, amplitudi ni 180 kamili. Sasa badilisha pembe kwenye taimugrafa mpaka nayo isome 180. Hiyo ndiyo pembe ya mashine hiyo.

TikTaki: Hapo umenifundisha. Mimi nilikuwa nategemea majedwali tu.

Mzee_Balansi: Programu nayo ina kazi yake. Kwati ya simu (kioo kinachohesabu muda wake) ikikosea sehemu 10 kwa milioni, ni sekunde 0.86 kwa siku. Kwa Seiko 5 haina neno. Kwa kronomita ya COSC (saa iliyothibitishwa na shirika la Uswisi la kupima usahihi), inayoruhusiwa sekunde −4 hadi +6 tu kwa siku, inaanza kuumiza.

Na msisahau kumpa mteja saa aivae. Piga picha saa ikiwa kando ya saa ya intaneti, rudia baada ya saa 24, toa tofauti. 7S26 haisimamishi mshale wa sekunde ukivuta kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, kwa hiyo picha inakuokoa kuhangaika kuulinganisha. Taimugrafa inasikiliza dakika chache mezani. Mkono wa mtu una joto, mtikisiko na mikao yake.

Fundi_Chumbageni: Basi nanunua taimugrafa, slomosheni nitumie simu niliyo nayo. Nipime mikao mingapi?

Bi_Lenzi: Uso juu, uso chini, kisha kitufe kikielekea chini, kushoto na juu. Subiri kila mkao utulie kabla hujaandika. Amplitudi ikishuka sana saa ikisimama wima, safisha na utie mafuta kwanza, ndipo uguse kirekebishio (kijiti cha kuharakisha au kuchelewesha saa).