Namna ya kumwagilia pichi ya kriketi wakati wa kiangazi bila kupoteza maji

MlinziWaWiketi (Dar es Salaam)
Habari zenu wakuu. Ninasimamia uwanja wa klabu ndogo ya kriketi hapa Dar es Salaam. Tangu masika yaishe tumekuwa tukimwagilia pichi, yaani ule ukanda wa katikati mpira unaporushiwa, kila jioni kwa bomba la mpira, kwa maji ya kisima chetu ambayo yana chumvi, na yakipungua tunaagiza boza. Pamoja na hayo, pichi imepasuka nyufa za kuingia kidole, mpira mmoja unaruka hadi kifuani na unaofuata unapita chini ya goti, na mweka hazina analalamikia gharama. Wenzetu mnamwagilia mara ngapi, kwa kiasi gani, na rola ya kushindilia udongo hupitishwa lini?

MzeeWaRola (Nairobi)
Ndugu, anza na hesabu. Pichi ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, yaani mita za mraba 61 na ushee. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo ukiilowesha kwa milimita 20, ambazo si haba, utatumia lita 1,230 hivi. Uwanja uliobaki, kama mpaka wake uko mita 65 kutoka katikati, una zaidi ya mita za mraba 13,000, na milimita 10 tu zinameza lita 130,000. Kama springla za nje nazo zinafunguliwa, basi mweka hazina wenu analipia nyasi za pembeni, wala si pichi. Ukoka haudekezwi hivyo: uacheni urefuke kidogo na ugeuke kahawia kiangazi, na vuli zikinyesha utachipua wenyewe.

Kuhusu pichi, maji ya kila jioni hulowesha sentimita moja au mbili za juu, mizizi inabaki hapo hapo, na udongo wa mfinyanzi wa chini unaendelea kukauka na kusinyaa. Pichi yenye juu laini na chini pakavu haiwezi kurusha mpira kwa usawa. Siku kumi hivi kabla ya mechi, ilowesheni hadi maji yafike sentimita 8 au 10 chini, mkiyamwaga kwa awamu ili yasitiririke pembeni, kisha fungeni maji. Chomeka bisibisi ndefu katikati na kwenye ncha zote mbili: ikikwama mahali pamoja na kuzama pengine, hujalowesha sawasawa.

Rola ipite pale udongo unapofinyangika ukiubonyeza lakini haugandi kidoleni. Anza na nyepesi, mwendo wa pole, halafu uongeze uzito kadiri siku zinavyokwenda. Ukiona inasukuma wimbi la udongo mbele yake, simama, bado ni mapema. Ukisubiri hadi pichi ikauke kabisa, hata rola ya tani mbili itaishia kuing'arisha. Saa za jua kali ifunikeni kwa magunia ili ikauke taratibu. Nailoni haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu hutoa jasho na kuziletea nyasi ukungu.

AfisaKilimo (Tanga)
Naongezea suala la chumvi, ambalo Mzee amelipita. Sodiamu iliyomo kwenye maji ya visima vya pwani hutenganisha chembe za mfinyanzi: zikilowa zinatawanyika na kuziba matundu, zikikauka zinakuwa gamba, na maji yanasimama juu huku chini pakiwa pakavu. Pelekeni sampuli ya maji na ya udongo maabara kabla ya kununua dawa yoyote. Jasi husaidia, maana kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, lakini yanatakiwa maji mengi yasiyo na chumvi ya kuisukuma sodiamu hiyo chini. Kwa hiyo iwekwe mwanzoni mwa masika, si sasa.

Paa la banda la wachezaji lenye mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 40 hutoa lita 6,000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Tangi la lita 5,000 likijazwa mvua za mwisho linatosha kulowesha pichi mara nne. Maji ya kisima yabaki kwa nyasi za nje, na hata huko kwa kiasi.

MrushaMpira (Mombasa)
Mimi ningeuliza kwanza kama mnahitaji pichi ya nyasi kwa kila mchezo. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilichezewa kwenye mikeka kwa miaka mingi, na kwa mazoezi na mechi za watoto mkeka juu ya zege unatosha kabisa. Tena maji ya viwanja yana macho ya watu: Aprili 2016, kwa sababu ya ukame, Mahakama Kuu ya Bombay huko India iliamuru mechi za IPL, ligi ya kriketi ya nchi hiyo, za baada ya tarehe 30 mwezi huo ziondolewe jimbo la Maharashtra.

MlinziWaWiketi (Dar es Salaam)
Nashukuru sana. Tuna pichi tano sambamba; je, zote ziloweshwe pamoja?

MzeeWaRola (Nairobi)
Hapana. Lowesha kwa kina ile inayoandaliwa tu. Iliyotoka kuchezewa ifagieni, mjaze mashimo ya miguu ya warushaji kwa udongo ule ule wa pichi uliolowa, msitumie mchanga, kisha mpande ukoka na kumwagilia hapo pekee kwa ndoo hadi ushike. Zilizobaki zinahitaji maji pale tu majani yanapoanza kujikunja asubuhi. Yakijikunja mchana, ni jua tu, yaacheni.