Wakuu, nalifunika gari kwa turubai gani hadi baridi iishe?

Mlinzi504: Habari za jioni wakuu. Nina Peugeot 504 ya 1978, injini ya kabureta, rangi bado ile ya kiwandani isipokuwa mlango mmoja. Nalipenda gari hili kupita kiasi, sifichi. Theluji inakaribia na barabara zitamwagwa chumvi, kwa hiyo nimeamua lisiguse lami kwa miezi minne. Litakaa kwenye banda la mabati lisilo na mlango. Swali langu ni moja tu: turubai. Kuna la nailoni nzito, halipitishi hata tone. Linafaa? Usingizi wenyewe sina, naamka usiku kwenda kulichungulia.

BisibisiNyota: La nailoni hapana. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unakwama chini yake, asubuhi bodi inatoka jasho. Tafuta la kitambaa kinachopitisha hewa, na gari lioshwe likauke kabisa kwanza, maana vumbi chini ya turubai linalopigwa na upepo ni msasa. Tangi umejaza? Tangi la chuma likiwa tupu linashika unyevu kwa ndani, na kutu yake safari inaishia kwenye kabureta.

Mlinzi504: Tangi limejaa. La nailoni nimeshanunua lakini. Upande wa ndani lina kitambaa laini. Nikiacha chini wazi kidogo si hewa itapita?

MamaSukani: Mnabishania shuka huku breki ya mkono hamuitaji! Mwaka niliojifungua kifungua mimba wangu gari lilikaa miezi mitano breki ikiwa juu. Baba watoto alipokuja kulitoa, tairi za nyuma zikagoma. Akaongeza moto, tukasikia mlio kama bunduki. Kufungua drumu, ngozi ya breki imebaki imeganda kwenye drumu, kiatu kitupu. Weka gia, weka vigingi kwenye matairi, breki achia. Mtoto mwenyewe sasa anaendesha, na anauvuta mkono mpaka mwisho kama baba yake.

TairiBovu: Mimi nina Beetle. Haina rejeta, haina maji, haina presha. Nimekaa pale nawasoma.

MpitaNjia: Ndugu yangu, gari ni chuma tu. Kukosa usingizi kwa ajili ya chuma ni dalili. Una familia?

BisibisiNyota: Betri unaifanyaje? Na rejeta ina nini ndani?

Mlinzi504: Familia ninayo, asante. Betri inabaki garini, nitakuwa nawasha injini kila Jumapili dakika tano.

MzeeSpana: Hizo dakika tano ndizo muuaji, kijana. Injini haijapata moto sawasawa, mvuke wa mwako unageuka maji ndani ya ekzosi na kwenye oili, unazima, unaondoka umeridhika. Na umeme uliokula stata haujarudi. Badili oili kabla ya kulilaza, ile chafu ina asidi. Betri ing'oe, uichaji, ikishapumzika isome volti 12.6 au zaidi, kisha uwe unaipima. Betri iliyokwisha chaji inaganda upesi, iliyojaa inastahimili baridi kali. Halafu swali la rejeta umeliruka.

Mlinzi504: Shikamoo mzee. Rejeta ina dawa ya kuzuia maji yasigande, nusu kwa nusu na maji. Nilitia mwenyewe Machi. Naomba turudi kwenye turubai.

JichoLaPaka: Ngojeni kwanza. Hii ni chai. Aprili mtu huyu huyu aliandika humu kwamba 504 imeondoka na yeye kabaki na funguo ya akiba. Nimeufukua uzi, upo. Gari lililouzwa Aprili analifunika vipi leo?

TairiBovu: Nasogeza kiti mbele.

MpitaNjia: Niliuliza kuhusu familia, mkaniona mbaya.

JichoLaPaka: Tupia picha, mkuu. Bila picha mods wafunge uzi.

Mlinzi504: Si chai. Niliuza, kweli. Wiki tatu zilizopita nikapita mtaani kwa yule bwana, nikalikuta nje, kioo cha nyuma kimeachwa chini, majani yamejaa kwenye siti. Nikagonga mlango. Nimelirudisha kwa bei kubwa kuliko niliyouzia. Mke wangu anajua limerudi, bei haijui. Sikutaka kuandika kwa sababu nawajua mlivyo.

TairiBovu: Kipenda roho hicho 😂

MzeeSpana: Wacheni kucheka. Kijana, dawa ulitia Machi, na tangu Aprili gari lilikuwa kwa mwingine. Tangu lirudi umefungua kifuniko cha rejeta?

Mlinzi504: Hapana. Lakini halichemki, mshale wa joto uko katikati. Alisema amelihudumia.

MzeeSpana: Hata maji matupu hayachemshi gari zima. Injini ikiwa baridi, chukua tochi, fungua.

Mlinzi504: Nimerudi. Dawa yangu ilikuwa ya kijani. Humu hamna kijani. Ni maji tu, na kidole kimetoka na kutu.

BisibisiNyota: Usiku huu kwenu baridi inafika ngapi?

Mlinzi504: Nyuzi 6 chini ya sifuri, kuanzia saa nane usiku.

MzeeSpana: Basi sahau turubai. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na yakikosa pa kwenda yanapasua bloku ya injini. Hita weka kwenye moto, kifuniko kiwe wazi, chomoa bomba la chini la rejeta. Likikauka usidhani umemaliza, bloku bado ina maji yake; tafuta plagi ya kumwagia maji ubavuni mwake. Kesho osha mfumo, tia dawa nusu kwa nusu, hiyo inakulinda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukishatia, washa mpaka thamostati ifunguke dawa izunguke kote.

MamaSukani: Na beseni usiliache wazi. Yakiwa na mabaki ya dawa ni matamu, paka atakunywa na ni sumu.

Mlinzi504: Plagi imeshikwa na kutu. Spana inateleza.

BisibisiNyota: Spana ya mdomo hiyo, itakula kona zote. Sugua kwa brashi ya waya, pulizia oili ya kulegeza kutu, subiri, kisha tumia ya ringi au soketi. Vuta polepole.

JichoLaPaka: Mkuu samahani kwa ile ya chai. Tupe taarifa.

Mlinzi504: Imeachia! Yanatoka ya kahawia kama mto wa mafuriko. Nimelowa mpaka soksi.

TairiBovu: Na turubai la nailoni?

Mlinzi504: Nimelitandika chini, ndilo nimelilalia.